Moshi Katika Nyumba ya Viti Visivyokaliwa

Ilikuwa mwaka ule tuliokula unga wa njano. Aliyekuwa Isiolo wakati huo hahitaji kuambiwa zaidi. Mvua ilikataa, ikakataa tena, ng'ombe wakalala chini na kugoma kuinuka. Tuliwachinja kabla hawajafa wenyewe, nyama yenyewe maji matupu. Halafu sisi tuliozoea maziwa asubuhi na jioni tukapanga foleni kupewa mahindi ya Amerika, rangi ya kiini cha yai, harufu ya gunia. Ugali wake ukipoa kidogo unapasuka kama shamba la Rapsu lililokosa maji. Watoto walilia wakiuona. Mimi nilikula.

Naandika haya kwa wanawake wa darasa letu la ngumbaru hapa Kiwanjani. Kila tukifunga vitabu mnaniambia, "Akko, tuambie tena ile safari ya Utaliani." Akko ni nyanya kwa Kiborana, na hapa naitwa hivyo hata na watu ambao sijui mama zao. Kusema nimechoka. Sasa mnajua kusoma, someni.

Sikwenda kutembea. Nilikwenda kwa sababu ya Rukia, mjukuu wangu, na kwa sababu ya mama yake.

Mama yake aliitwa Amina, binti yangu wa pekee. Mume wake alihamisha mifugo mbali, kule juu kupita Leparua, akaenda naye na mimba kubwa. Vibanda vichache, wanaume malishoni, na aliyebaki naye ni msichana ambaye hajawahi kuona mtu akizaa. Amina alizaa vizuri. Halafu damu ikakataa kusimama, na hakuna mtu wa kuitwa. Nilifika na punda nikakuta amefunikwa. Mtoto alikuwa kwenye ngozi ya mbuzi, anapiga kelele kama mwenye kudai haki yake. Nikambeba, nikarudi naye. Huyo ndiye Rukia. Toka siku hiyo mahali pakiwa kimya sana, masikio yangu hayatulii.

Rukia alikua, akasoma kuliko mimi, akaolewa na Paolo, Mtaliano aliyekuja kuchimba visima upande wa Kinna. Kabla hamjauliza: ndiyo, alitoa shahada mbele ya sheikh na wazee, na nikahi ilifungwa msikitini. Maswali ya hayo yaishie hapo. Kazi ya visima ilipokwisha akamchukua kwao.

Siku moja nikaitwa dukani kwa Msomali aliyekuwa na simu. Sauti ya Rukia ilikuwa ndogo kama iko ndani ya chupa.

"Akko, nina mimba kubwa. Nitazaa huku kwa mama yake Paolo. Wallahi Akko, ungeiona nyumba! Iko kisiwani, juu ya mwamba, chini bahari. Kimya kabisa. Hata jirani hakuna."

Alisema kama anaisifu. Mimi nilishika meza ya duka kwa mikono miwili.

"Mwambie mume wako alete tikiti," nikasema. "Na wewe usibebe kitu kizito mpaka nifike."

Kabla ya kuondoka nilifunga mzigo. Nyirinyiri, ile nyama kavu iliyokaangwa, kwenye samli, ubani, kanga mpya, na kichwa cha mzigo kilikuwa kifurushi cha vijiti vya ejersa. Ejersa ni ule mzeituni wa mwituni unaoota milimani kwetu. Wanawake wa Kiborana wanajua kwa nini, lakini darasani wako Waturkana na Wameru, kwa hivyo nitaeleza.

Chombo chetu cha maziwa kinaitwa chicho. Kinasukwa kwa nyuzi za mizizi, kimebana mpaka maziwa hayapiti. Sabuni hakiijui. Kinatiwa moshi wa ejersa kavu, unachoma kijiti, unazungusha ndani, unafunika, mpaka tumboni kuwe kweusi na kunukie. Chicho cha Rukia kilianzwa na mama yake akiwa na ile mimba. Alisuka kitako tu. Shingo na kifuniko nilimalizia mimi miaka ya baadaye, na Rukia akaondoka nacho siku ya harusi. Kwetu mwanamke akijifungua, kitu cha kwanza kupita kooni ni maziwa ya chombo chake, chenye moshi mpya. Na chombo kikavu, kimekaa wazi bila kifuniko, unakiona katika nyumba moja tu: nyumba ambayo mwenye chombo amekufa.

Alfajiri niliondoka kwa lori la mpwa wangu Guyo, lililobeba ngozi kwenda Nairobi. Ngozi zilikuwa nyingi mwaka huo, sitaki hata kukumbuka. Nilikaa mbele. Kwenye kizuizi cha polisi askari akamulika uso wangu.

"Mama unaenda wapi asubuhi hii?"

"Utaliani."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Utaliani na lori ya ngozi! Haya, pita, utuletee makaroni."

Nanyuki tulikunywa chai. Mlima ulikuwa wazi na ile theluji yake, na mimi nikawaza kwamba huko juu kuna maji mengi yamekaa bure na sisi tunakufa huku chini. Guyo akaniuliza kama naogopa ndege. Nikamwambia ndege haina shida, ikianguka ni mara moja. Naogopa nyumba.

"Nyumba ya kifahari, shangazi!"

"Hata Amina alikufa mahali pazuri," nikamwambia. Akawasha lori, tukashika njia ya Karatina.

Ndani ya ndege sina la kusifu. Unafungwa kwenye kiti kama mbuzi wa sadaka, halafu unapewa chakula kwenye sahani yenye vyumba. Nyama sikugusa, sikujua nani amechinja. Nilikula mkate na kuvuta tasbihi. Kila nikifumba macho naona kile kibanda cha Leparua. Mzungu aliyekaa kando yangu alilala na kuangusha kichwa kwenye bega langu, nikamwacha, maana angalau alikuwa mtu.

Uwanja wa ndege wa Utaliani ndipo nilipopata pigo la kwanza. Mtu wa forodha, amevaa glavu, alifungua mzigo wangu. Samli akainusa, akatikisa kichwa, akaacha. Ubani akaacha. Vijiti vya ejersa akavishika kama ameshika nyoka, akaviweka kando.

Marehemu mzee wangu alikuwa askari wa mkoloni, alilinda mateka wa Kitaliano wakati wa vita, akarudi na neno moja la lugha yao, la kumwambia mtu imetosha. Nikalitumia.

"Basta!" nikamwambia.

Ofisi nzima ikageuka. Wakacheka, mmoja hata akanipigia saluti. Lakini vijiti vyangu vikaenda kwenye pipa. Ati mti wa kigeni unaweza kuleta wadudu. Nilitoka pale nikiburuta mzigo. Nimevuka nchi na nchi kuleta moshi, na moshi wenyewe umetupwa mlangoni.

Paolo alinipokea. "Salaam aleikum, Akko! Safari mzuri?" Kiswahili chake ni kile cha visima, cha kuamrisha mashine. Tukapanda meli, tukashuka kisiwani, tukaingia gari lake. Barabara ikaanza na nyumba kando kando, nguo zimeanikwa, kuku, wanawake wameketi milangoni. Roho ikatulia kidogo. Halafu nyumba zikapungua. Halafu zikaisha. Halafu lami ikaisha. Mawe matupu na miti ya kijivu iliyopinda kwa upepo.

"Paolo, tumepotea?"

"Hapana Akko. Iko mbele. Mama anapenda kimya."

Mbele palikuwa na mwamba, na juu ya mwamba nyumba nyeupe, ndefu, ya chini kama ngamia aliyepiga magoti. Baada yake, bahari na hewa. Niliangalia kulia, nikaangalia kushoto, natafuta hata moshi mmoja wa jikoni. Hakuna.

Rukia alitoka mlangoni anatembea kama mwenye kubeba mtungi tumboni. Nilimshika uso, nikashika mikono, halafu nikashika tumbo kabla hata ya kumaliza salamu. Tumbo lilikuwa limeshuka.

"Lini?" nikauliza.

"Daktari amesema bado wiki mbili, Akko."

"Daktari amekushika lini?"

"Mwezi uliopita."

Nikachukua mzigo wangu, nikaingia ndani.

Mama yake Paolo anaitwa Bruna. Mwanamke mrefu, mjane, mkavu, shingo ndefu na nywele nyeupe zimekatwa kama za mvulana. Alinibusu huku na huku. Nyumba yake nitawaambia ilivyokuwa, na msiseme natia chumvi. Ilijaa vitu vya zamani, na kila kitu kilikuwa na jina la fundi aliyekifikiria. Kulikuwa na kiti cha rangi ya chungwa, umbo la yai lililopasuliwa. Taa ndefu iliyopinda shingo kama korongo anayetafuta chura. Meza ya kioo juu ya miguu ya chuma. Kiti cha mabomba kilichovikwa ngozi ya ng'ombe wa mabaka, na ng'ombe huyo nilimhurumia, alikuwa mzuri. Nilikuwa nimechoka, nikaenda nikae hapo kwa ng'ombe.

Bruna akaruka. "No, no, no!"

"Akko, hicho hapana," Rukia akaninong'oneza. "Ni cha zamani. Cha thamani sana."

"Kama ni cha zamani si kimeshazoea kukaliwa?"

"Hivi ni vya kuangaliwa tu, Akko. Njoo jikoni, kuna benchi."

Nikageuka kwenda jikoni, na ndipo nikakiona. Kwenye rafu nyeupe, chini ya taa yake ndogo, katikati ya chungu cha bluu na saa ya plastiki: chicho cha Rukia. Kikavu. Wazi. Kifuniko kimewekwa kando kama kofia ya maiti.

Sikupiga kelele. Niliketi kwenye benchi na kuuliza pole pole, "Nani aliweka chombo cha mtu mzima hai namna ile?"

Rukia akaangalia chini. "Alikipenda, Akko. Alisema ni kizuri kuliko vitu vyake vyote. Ningemwambia nini?"

"Ungemwambia wewe bado uko."

Jioni tulikula. Waliniletea mnyama wa baharini mwenye mikono mingi kuliko ukoo wetu, nikaomba yai. Mezani nikajua mengine. Gari ni moja tu, la Paolo. Hospitali iko mji wa upande ule mwingine wa kisiwa. Na kesho Paolo anaenda na gari bandarini kuchukua watu wa gazeti, wanakuja kupiga picha hiyo nyumba na viti vyake. Bruna alitaka nikae kwenye picha, karibu na chicho, nimevaa kanga.

Nikaweka kijiko chini.

"Paolo, mwambie mama yako. Kesho hakuna picha. Kesho gari linatupeleka mjini, mimi na Rukia, tukae karibu na hospitali."

Akatafsiri. Bruna akajibu maneno mengi kwa sauti tamu.

"Anasema bado wiki mbili, Akko. Watu ya gazeti ikienda tu, tunahamia mjini. Anasema hapa ni salama. Iko simu. Anasema toka aolewe hajahitaji jirani hata siku moja."

"Hapana," nikasema. "Rukia hazai mahali hakuna jirani."

Paolo hakujua atafsiri vipi. Rukia ndiye aliyetafsiri. Bruna akanitazama, akanigusa mkono, akaniongezea mkate. Hivyo ndivyo mtu anakuambia amesikia na hatafanya kitu.

Asubuhi upepo uliamka kabla yetu. Ulipiga milango, ulisukuma madirisha, bahari ikawa na povu kama ngamia mwenye hasira. Paolo akasema atarudi kabla ya adhuhuri, akaondoka na gari. Nikalisikiliza mpaka likaisha masikioni.

Rukia alikuwa anashika kiuno. Anatembea, anasimama, anashika ukuta, anatabasamu ili nisione. Mimi nimeona wanawake wengi wakitabasamu hivyo. Nikamwambia pumzika, nikaenda moja kwa moja kwenye rafu, nikashusha chicho. Kama mambo yatakuja, yasikute chombo kikavu. Nilikisuuza kwa maji moto, nikakifuta. Ndani hakikunukia kitu. Sasa moshi.

Nilitoka nje. Miti ile ya kijivu, kumbe ni mizeituni, ndugu ya ejersa, majani yale yale ya mgongo mweupe! Nikavunja tawi, nikanusa, machozi karibu yanitoke. Lakini lilikuwa bichi, linatoa maji. Mti mbichi unatoa mvuke mchungu, unaharibu chombo. Nikarudi ndani na upepo unanivuta kanga. Na pale karibu na mahali pa moto, mahali pasafi ambapo hapajawahi kuwashwa, kulikuwa na kigoda cha zamani, mguu mmoja umetoka umelazwa kando. Nikauinua. Mzito, mkavu, mafuta yake ndani. Nikakwaruza kwa ukucha, nikanusa. Mzeituni, harufu ya ejersa tupu.

Sasa niambieni, nyinyi mnaopika kwa kuni: mguu wa kigoda uliovunjika, umelazwa kando ya mahali pa moto, ni nini? Ni kuni. Kila mwanamke wa Isiolo angesema ni kuni. Nikachukua kisu cha jikoni, nikachonga vipande, nikawasha makaa hapo hapo mahali pa moto. Ncha ya mguu nikaitia motoni, ikawaka, nikaipuliza, nikaizungusha ndani ya chicho.

Moshi ukaja. Mtamu, mnene, wa bluu. Lakini kumbe bomba la moshi la nyumba ile lilikuwa limezibwa kwa urembo! Moshi ukarudi sebuleni, ukapita juu ya kiti cha yai, ukamfunika korongo, ukajaza dari. Nikafungua madirisha yote, na upepo ukautoa nje kwa mkupuo, juu ya mwamba, kama bendera.

Bruna akaja anakimbia na nguo ya kulalia. "Fuoco! Fuoco!" Yaani moto, moto. Akaona makaa. Akaona mguu wa kigoda mkononi mwangu, unawaka. Akaketi sakafuni. Hakunipiga, hakunitukana. Alilia kama mtoto, na akasema maneno ambayo Rukia, aliyetokea mlangoni, alinitafsiria akiwa ameshika fremu kwa mikono miwili.

"Akko... anasema hicho kigoda mume wake alikinunua siku Paolo alizaliwa. Fundi wake alishakufa. Ulimwenguni hakuna kingine."

"Mwambie sikujua..."

"Akko," Rukia akasema, "maji yangu yametoka."

Tukaangalia chini wote watatu. Sakafu ya mawe ilikuwa imelowa.

Bruna alisimama haraka kuliko nilivyodhani anaweza. Akakimbilia simu, ile nyekundu ya urembo. Akaweka sikioni, akagonga, akaweka tena. Upepo ulikuwa umeangusha waya. Akaangalia dirishani, barabara tupu. Akanigeukia, na uso wake ulikuwa ule ule niliouona kwa yule msichana wa Leparua. Nyumba ikawa kimya. Upepo nje, lakini ndani kimya, na viti vyote vile vimetuzunguka vinatuangalia, havina hata kimoja kinachoweza kukimbia kuita mtu.

Nilimlaza Rukia kwenye kiti cha ngozi ya ng'ombe. Bruna mwenyewe ndiye alimshikia miguu. Nikasoma nilichokijua, Ya Rabbi, si mara ya pili, Ya Rabbi, si huyu.

Ndipo nikasikia kengele za mbuzi.

Halafu injini, tu-tu-tu-tu, na mtu anapiga kelele. Mlango ukafunguliwa kwa kishindo, akaingia mwanamke mfupi, mnene, kitambaa kichwani, ndoo ya maji mkono huu na mkono huu. Nyuma yake mzee na sepetu. Akatazama makaa yangu madogo, akatazama ndoo zake, akamtazama Rukia, akauliza kitu.

"Anauliza moto uko wapi," Rukia akasema akiwa ameuma meno.

"Mwambie moto ni wewe."

Rukia alicheka katikati ya uchungu, wallahi alicheka. Yule mwanamke akaweka ndoo chini, akanawa mikono hapo hapo, akaja akashika tumbo pale pale nilipokuwa nimeshika mimi. Tukaangaliana. Hakuna Kiborana hapo wala Kitaliano. Alinyoosha kidole mlangoni: twende, sasa.

Na Bruna, mnajua alimuuliza nini? Alimuuliza jina lake. Rukia alinitafsiria baadaye. Mwanamke akajibu, "Naitwa Nunzia. Nakaa nyuma ya hicho kilima. Miaka yote hii tunaona taa yako usiku. Moshi hatujawahi kuona. Leo tukauona, tukajua kuna shida."

Walikuwa na gari dogo la magurudumu matatu, la kubebea majani ya mbuzi. Tulimlaza Rukia nyuma juu ya majani. Mimi nikapanda na chicho kifuani, Nunzia akapanda, na Bruna akapanda na nguo ya kulalia na ndara zake, anamshika Rukia kichwa. Mzee akaendesha. Barabara ile ya mawe sitaisahau. Kila jiwe nililisikia kwenye tumbo la mjukuu wangu. Rukia alinishika mkono mpaka vidole vikafa.

"Akko, mama yangu alikuwa hivi?"

"Mama yako hakuwa na gari la majani. Nyamaza, vuta pumzi."

Zahanati ya kijiji ilikuwa chumba kimoja na mkunga mmoja, mwanamke mwenye sharubu kidogo na mikono mikubwa. Hatukufika mapema, tulifika. Mtoto alizaliwa upepo bado unapiga mlango. Msichana. Alilia ile ile sauti ya kudai haki.

Halafu nikaona damu.

Naijua ile rangi na naijua ile namna ya kuja, bila kelele, kama maji yanayopita chini ya mlango. Nilinyoosha kidole. Mkunga alikuwa ameshaiona. Akachoma sindano paja la Rukia, akakandamiza tumbo kwa ngumi, anaongea na mwili ule kama mtu anayemfokea ng'ombe mkaidi. Nunzia alinishika kwa nyuma nisianguke. Nilingoja. Sijawahi kungoja vile.

Damu ikasimama.

Sindano ndogo, chupa yake kama kidole cha mtoto. Kwa kukosa hiyo tu Amina wangu alikwenda.

Baadaye Nunzia alikwenda kukamua, akaleta maziwa ya mbuzi yana moto bado. Nikayamimina kwenye chicho, nikakifunika, nikakitikisa, nikampa Rukia. Alikunywa macho amefumba.

"Yananukia nyumbani," akasema.

Bruna akaomba aonje. Akakohoa, uso ukakunjamana kama mtu aliyelamba jivu. Akaomba tena.

Tulirudi kwenye ile nyumba Rukia alipopata nguvu, nami nikakaa naye mpaka arobaini. Watu wa gazeti walikuwa wameshaondoka. Paolo alisema walifika wakakuta nyumba wazi, haina mtu, inanuka kama kibanda cha kukausha nyama. Lakini arobaini ile haikuwa kimya. Nunzia alileta wanawake wa kijiji, na wao wakaleta jibini, kuku, sufu, na kelele. Walikaa popote. Mmoja mwenye makalio makubwa alikaa kwenye lile yai la chungwa, likalia kwaa, nikamwangalia Bruna. Bruna akafumba macho, akayafungua, akampelekea kahawa. Kile kigoda alikitengenezea mguu mwingine wa mti wa kawaida, akakiweka nje mlangoni, na jioni alikuwa anakikalia akingoja kuona Nunzia akishuka na mbuzi. Chicho hakikurudi kwenye rafu. Kilikaa jikoni na kifuniko chake, kimejaa.

Siku ya kuondoka Bruna alinipa kitu kimefungwa kwa gazeti. Ule mguu wa kigoda, umeungua ncha. Forodha ya kwao hawakuuona, na ya kwetu waliuona wakauliza ni nini. Nikasema ni fimbo ya bibi mzee. Uko kwangu mpaka leo, umebaki mfupi, na wengi wenu vyombo vyenu vimeonja moshi wake bila kujua ni moshi wa bei gani.

Nilirudi Isiolo nikakuta mawingu upande wa mlima. Mvua ilikuja, nyasi zikaota, na ule unga wa njano ukaisha. Mkiniuliza nilijifunza nini, ni hili. Nilidhani pale mwambani hakuna jirani. Kumbe alikuwepo nyuma ya kilima siku zote, anaona taa na kusubiri sababu ya kuja. Bruna alikuwa amekaa miaka bila kumpa sababu. Na Leparua sikuwahi kujiuliza hivyo, labda hata kule nyuma ya kilima kulikuwa na mtu, na msichana yule hakujua kuwasha moshi. Hilo linanisumbua hata sasa ninapoandika.

Mwaka jana Paolo na Rukia walikuja, kazi ya visima imerudi. Amina mdogo, yule aliyezaliwa zahanati, anakimbia, anaongea lugha tatu na zote kwa ukali. Rukia ana mimba nyingine. Paolo akakunjua karatasi kubwa kwenye mkeka wangu, mchoro wa nyumba anayotaka kujenga: ndefu, nyeupe, ya chini, na madirisha makubwa. Nikamuuliza ni wapi. Akasema amepata mahali pazuri sana, juu ya kilima, kupita Leparua, unaona mpaka mwisho wa dunia, na kimya, Akko, kimya kabisa. Wahamie huko kabla ya mtoto. Rukia alikuwa anaangalia chini, anachezea kifuniko cha chicho chake, anangoja nijibu mimi.

Niliikunja karatasi yake vizuri, nikamrudishia mkononi.

"Hapana," nikasema. "Rukia hazai mahali hakuna jirani."